Saa Nne ya Usiku Gani?

Leo nianze na sindano moja.

Mwanamke anayetibiwa kwa upandikizaji wa mimba, ile njia ambayo yai na mbegu hukutanishwa maabara kisha kiinitete kikarudishwa kwenye mji wa mimba, hujichoma sindano kila siku kwa muda wa siku 8 hadi 12 hivi. Sindano hizo hukuza vifuko vinavyobeba mayai. Daktari anatazama kwa ultrasaundi, anapima vifuko, na siku akiridhika anaagiza sindano ya mwisho, ya kuyapevusha mayai. Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabiwa, kwa maana mayai huvunwa baada ya saa 36 hivi. Ukiyawahi, hayajaiva wala hayajabanduka kwenye kuta za vifuko. Ukichelewa, vifuko vinapasuka vyenyewe, mayai yanapotelea tumboni, na jasho la wiki mbili na fedha zake vimekwenda.

Sasa daktari anaandika: sindano Jumanne, 22:00, kuvuna Alhamisi, 10:00. Kompyuta ya kliniki inaelewa, na simu ya mgonjwa inaelewa. Mgonjwa mwenyewe je?

Saa yetu sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. 22:00 ya simu ni saa 4 usiku. Lakini programu iliyotafsiriwa harakaharaka na mtu aliyekaa mbali itaandika “saa 10 usiku”, kwa kuwa kwenye skrini yake ameona kumi, akaona na usiku. Saa 10 usiku kwetu majogoo wameshaanza kuwika. Mgonjwa mtiifu ataweka kengele, ataamka, atawasha taa, atajichoma. Amechelewa saa 6. Alhamisi akifika kitandani kwa daktari, mayai yake yana saa 30 tu, na kila mtu chumbani anaamini yana 36.

Hilo la saa ni dogo mbele ya lile la siku. Watu wengi wa pwani, na Waislamu wengi popote walipo, kwao usiku hutangulia mchana. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia jua la Alhamisi likizama. Ukimwandikia mama wa Pangani “sindano ni usiku wa Jumanne”, anaweza kabisa kujichoma Jumatatu baada ya chakula cha usiku, na kwa hesabu aliyolelewa nayo yuko sahihi. Nesi wa kutoka Mbeya na mgonjwa wa Pangani watazungumza Kiswahili safi, wataagana kwa heshima zote, na watakuwa wamepishana kwa siku nzima.

Dawa yake si ngumu. Ukurasa wa sindano hiyo usitaje saa peke yake. Useme: leo hii, Jumanne, saa 4 usiku, kabla hujalala. Kisha chini yake, kwa herufi kubwa: zimebaki saa 5 na dakika 20. Hesabu ya kurudi nyuma haina kabila wala dini. Na jioni hiyo nesi apige simu, mgonjwa amrudishie kwa kinywa chake mwenyewe kile alichoelewa. Nimeliweka jambo hili mwanzoni kwa sababu mtu akinijia na programu ya simu ya kuwasaidia wanaotafuta mtoto, hapo ndipo ninapoitazama kwanza. Uzuri wa rangi naweza kuungojea.

Majuzi nilionyeshwa michoro ya programu ya namna hiyo. Vijana walioichora wana nia njema na mikono myepesi. Kulikuwa na rangi ya waridi, picha ya tumbo la mjamzito, ukurasa wa kuandika dalili kila siku, ukumbi wa gumzo, na maputo yanayopaa kila mgonjwa akimaliza wiki. Nikawauliza, siku kipimo kikisema hapana, skrini itaonyesha nini? Wakatazamana. Ukurasa huo haukuwapo.

Mimi nadhani ndio wa kuchorwa kwanza.

Tusikilize takwimu kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 likisema takriban mtu mzima mmoja katika kila sita hupitia tatizo la ugumba wakati fulani wa maisha yake, yaani mwaka mzima au zaidi wa kujaribu bila kinga na bila mimba. Hilo ni jeshi la watu. Wanaofika kwenye upandikizaji ni wachache miongoni mwao, na wanaofika hawapewi hakika. Uingereza, alikozaliwa Louise Brown tarehe 25 Julai 1978, mtoto wa kwanza duniani kwa njia hii, kuna mamlaka iitwayo HFEA ambayo tangu mwaka 1991 inasimamia kliniki na kuchapisha matokeo yake. Kwa hesabu zao za miaka ya karibuni, hata kwa wanawake wa chini ya miaka 35, kiinitete kinachorudishwa tumboni huishia kwa mtoto aliye hai mara moja hivi katika tatu. Kwa mwenye miaka 43 au 44, ni kama mara moja katika 20. Hiyo ni nchi yenye maabara za miongo kadhaa na umeme usiokatika. Uganda na Kenya zimepata watoto wa njia hii tangu miaka ya 2000, na Dar es Salaam zipo kliniki leo, lakini sioni sababu ya kudhani mwili wa mwanamke wa huku unapewa bahati kubwa kuliko wa kule.

Kwa hiyo chukua jaribio lolote moja: wengi wa wanaoshika programu hii watakutana na hapana. Ukichora maputo kwanza, umewachorea wachache, na wengi umewaachia skrini tupu.

Kabla ya jibu kuna kungoja, na kungoja huku ndiko kunakovunja watu. Kiinitete kimerudishwa, na sasa ni siku 10 hadi 14 hivi mpaka kipimo cha damu. Hakuna sindano za kuhesabu tena, hakuna ultrasaundi. Kuna projesteroni, dawa ya kuuandaa mji wa mimba, na projesteroni hiyohiyo inajaza matiti, inavimbisha tumbo, inaleta usingizi, yaani inaigiza dalili za mimba moja baada ya nyingine. Mwanamke anaamka, anajigusa, anauliza ukutani: hii ni mimba au ni dawa?

Ndiyo maana ule ukurasa wa kuandika dalili kila siku naukataa kwa siku hizi za kungoja. Kumwambia mtu aandike asubuhi na jioni jinsi matiti yake yanavyojisikia ni kumfundisha kupiga ramli kwa mwili wake. Dalili zinazostahili kuulizwa ni zile za hatari. Sindano za kukuza mayai zinaweza kuzidisha kazi, vifuko vikavimba mno na maji yakavuja tumboni. Tumbo likijaa haraka, uzito ukipanda kwa siku moja au mbili, mkojo ukipungua, pumzi ikawa fupi, huyo hapaswi kujaza fomu. Anahitaji kitufe kimoja kinachopiga simu kliniki. Hapo programu ipaze sauti kweli.

Kuna na kile kipimo cha mkojo cha dukani. Wengi hawavumilii, siku ya tano wameshatuma mtu duka la dawa. Sasa sindano ile ya kupevusha mara nyingi ni homoni ya hCG, na hCG ndiyo hiyohiyo inayotafutwa na kipimo cha mkojo. Inaweza kubaki mwilini siku 10 au zaidi. Mistari miwili inatokea, nyumba inafurahi, kumbe kipimo kimesoma sindano. Ningependa programu iliseme hili mapema, kwa sauti ya mtu na siyo maandishi tu, kabla pesa ya kipimo haijatoka mfukoni. Isimkataze. Mtu mzima hakatazwi. Imwambie kwa nini.

Wenzetu wamewahi kushughulikia kungoja huku bila simu yoyote. Cardiff, kule Wales, wanasaikolojia Deborah Lancastle na Jacky Boivin walitengeneza kadi ndogo yenye sentensi 10, ya kusomwa angalau asubuhi na jioni, ikimwelekeza mwanamke atazame hali yake kwa upande unaovumilika. Walichapisha utafiti wake mwaka 2008. Kadi tu, ya kutia kwenye pochi. Haikumwahidi mimba. Nikiifikiria kadi ile huwa nashangaa jinsi vijana wetu wanavyotaka kurasa 40. Na Nijmegen, Uholanzi, hospitali ya chuo kikuu iliwapa wagonjwa wa upandikizaji njia ya kusoma mafaili yao wenyewe kwa intaneti, miaka ambayo simu janja hazijafika mikononi mwa watu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: kufunguliwa faili peke yake hakukuonekana kuwaongezea nguvu kuliko wenzao wasiofunguliwa. Mtu anaweza kupewa namba zake zote na bado akawa peke yake.

Tufike sasa kwenye hapana yenyewe.

Jambo la kwanza: jibu lisidondoke kwenye simu lenyewe. Kipimo cha damu kikitoka, nesi au daktari apige simu kwanza, kwa saa ambayo mgonjwa mwenyewe aliichagua siku ya mwanzo. Mwalimu aliye darasani na watoto 70 mbele yake hastahili kusoma neno hilo kati ya kipindi cha hesabu na cha sayansi. Programu ikae na jibu mpaka nesi aweke alama kwamba amezungumza naye.

La pili linahitaji uangalifu wa kitabibu. Kengele za dawa lazima zinyamaze, maana hakuna ukatili kama simu kukukumbusha projesteroni ya mimba ambayo haipo. Lakini zisizimwe na damu. Wapo wanaoona damu siku ya tisa, wanasema yamekwisha, wanaacha dawa, na kumbe damu kidogo inaweza kutoka na mimba ipo. Kengele izimwe na kliniki baada ya kipimo. Mgonjwa akibonyeza “nimeona damu”, programu impigie nesi na kengele ziendelee.

La tatu ni kunyamaza. Kwa wiki moja hivi programu isitume kitu. Isitume “usikate tamaa”, isitume hadithi ya mtu aliyefanikiwa mara ya sita, na kwa hisani yenu isitume bei ya jaribio linalofuata. Ibakishe namba ya kupiga na tarehe ya kuonana na daktari, basi. Baada ya hapo, mtu wa kliniki amtafute, maana wengi wanaoacha matibabu haya huacha kwa kuchoka moyo. Mtafiti Sofia Gameiro, Boivin huyohuyo na wenzao walipokusanya tafiti mwaka 2012 kuuliza kwa nini watu huacha, mzigo wa mwili na moyo ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa, na mivutano ndani ya ndoa haikuwa mbali. Na kuacha nako kuwe na mlango wa heshima. Wanandoa wakiamua imetosha, kuwe na ukurasa unaosema viinitete vilivyobaki maabara vitafanywaje, dawa zilizobaki zirudishwe wapi, na nani wa kuzungumza naye. Sijawahi kuona programu yenye kitufe cha “tumeamua kuishia hapa”. Ningeiweka, tena isiwe imefichwa.

Na matangazo. Desemba 2018 mwandishi wa Washington Post, Gillian Brockell, aliandika barua ya wazi kwa kampuni za mtandao. Mtoto wake alikuwa amezaliwa akiwa amekufa, na mitandao ikaendelea kumtangazia vitu vya watoto. Aliuliza, kwa maneno yangu: mlikuwa werevu kiasi cha kujua nina mimba, mbona hamkuwa werevu kiasi cha kujua nimefiwa? Swali hilo bado liko hewani.

Msikilizaji, tuingie nyumbani kidogo.

Wanaochora programu hizi hudhani simu ni ya mtu mmoja. Kwetu simu ya mwanamke inashikwa na mtoto wa shemeji anayecheza gemu, na wifi aliyeishiwa salio, na mama mkwe anayetaka asomewe ujumbe wa muamala. Usiku inalala sebuleni kwenye chaji. Kisha arifa inadondoka juu ya skrini iliyofungwa: “Ni wakati wa sindano yako ya mayai!” Nyumba nzima imeshajua. Na nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuliza kila sikukuu, “Mwanangu, mbona kimya?”

Kuficha huku msikulaumu. Mwanamke anaweza kuwapenda wakwe zake na bado asitake wajue tarehe ya kipimo chake. Programu imsaidie kuficha. Jina lake kwenye simu liwe la kawaida, alama yake iwe kalenda, siyo tumbo wala korongo aliyebeba mtoto. Arifa iseme “Kumbuka, saa 2” na kunyamaza. Mlango wake uwe na namba ya siri tofauti na ya simu. Ujumbe wa sauti ufunguke sikioni, usifunguke kwa spika katikati ya watu. Picha ya ultrasaundi isihifadhiwe kwenye albamu ya simu. Hili la mwisho nalisema kwa sababu kliniki nyingi sasa zinatumia WhatsApp, ambayo ni rahisi na kila mtu anaijua, lakini picha ikiingia tu inaweza kujihifadhi pamoja na za harusi na za mtoto wa jirani, ikisubiri mtu apitishe kidole.

Mwenye simu ya kitochi naye asiachwe nje. Yeye na nesi wakubaliane neno lao. Ujumbe mfupi ukisema “kitambaa chako kiko tayari”, yeye anajua cha kufanya, na anayeusoma juu ya bega lake atadhani ni fundi cherehani.

Kuna macho ya nyumbani, na kuna macho ya mbali yasiyoonekana. Marekani mwaka 2021 tume ya biashara ya serikali, FTC, ilifikia makubaliano na kampuni ya Flo, yenye programu ya kufuatilia hedhi, kwa madai kwamba iliwaahidi wanawake siri huku ikipeleka habari zao kwa Facebook, Google na wengine. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Premom, programu ya kutafuta siku za yai kupevuka, iliyokubali kulipa faini ya dola 100,000. Watumiaji wa Premom ni haohao tunaowazungumzia leo, watu wanaotafuta mtoto. Kila siku waliyoandika ilikuwa inasafiri.

Sheria kwetu zipo. Kenya na Uganda zilitunga zao za ulinzi wa taarifa mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, na habari za afya zimepewa uzito wa pekee. Lakini sheria haimwoni mtengenezaji aliyechukua kifurushi cha bure cha kuhesabu watumiaji, akakipachika ndani ya programu bila kusoma kinapeleka nini na kwa nani. Mara nyingi uvujaji huanzia hapo, kwa uvivu zaidi kuliko kwa hila. Dada yangu au kaka yangu unayesikiliza, ukiletewa programu, uliza swali moja tu: nikiifuta leo, habari zangu zinafutika wapi, na ninyi mnabaki na nini? Anayejibu kwa kigugumizi mrudishie simu yake.

Kuna kitu kinachosahauliwa na wengi wanaozungumza habari hii: friji. Baadhi ya dawa hizi hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na zisigande. Mwalimu wa Korogwe anayetibiwa Dar es Salaam anasafiri na dawa kwenye basi, saa nyingi, jua la Chalinze likipiga dirishani. Anaweka barafu kwenye kikasha, barafu inagusa dawa, dawa inaganda, na dawa iliyogandishwa imekwisha kazi yake ingawa kwa macho haijabadilika. Akifika nyumbani umeme umekatika. Ukiwepo, friji ni ya familia, na boksi la kalamu za sindano limekaa kando ya sahani ya samaki. Programu ya kigeni haiulizi haya. Ya kwetu iulize siku ya kwanza: unayo friji? Ni yako au ya wote? Umeme hukatika muda gani? Kwa majibu hayo nesi anaweza kumchagulia dawa inayovumilia joto la chumba kwa muda fulani, au akamwambia dawa zake zikae kliniki ya karibu. Hapo teknolojia haijafanya ajabu yoyote. Imeuliza tu swali ambalo daktari mwenye foleni ya watu 30 hana nafasi ya kuuliza.

Waume nao. Katika karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo hili, upande wa mume una mkono wake, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote vya mkewe: hakuna sindano, hakuna kulazwa. Bado kwa desturi yetu mke ndiye anayezungushwa kwa madaktari na waganga kwa miaka, na mume anaingia mwisho, akiwa amenuna. Kwa hiyo programu isianze na “karibu, mama”. Ianze na wawili, na orodha ya vipimo vya mume ije mapema, pamoja na maelekezo yake ya siku chache za kujizuia kabla ya kutoa mbegu. Lakini akaunti ya mume isiwe dirisha la kumchungulia mke. Aone yale ambayo mke amekubali aone, na mke naye hivyohivyo. Ndoa zinavunjika, hasa humu, na anayebaki na simu asibaki na faili la mwenzake.

Kuhusu dini nitasema kidogo, maana wengi mnaulizia. Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980 iliyokubali njia hii pale yai ni la mke na mbegu ni ya mumewe ndani ya ndoa, na kukataa mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, kwa waraka wa Donum Vitae wa mwaka 1987, liliikataa njia yenyewe. Programu haina kazi ya kutoa fatwa. Ila isimrushie kila mtu tangazo la mayai ya kuchangiwa kana kwamba ni rangi ya kucha. Imwache mtu aseme mwanzoni asichotaka kuonyeshwa, na isimwonyeshe.

Na fedha. Jaribio moja kwa Nairobi hugharimu laki kadhaa za shilingi za Kenya, na kwa Dar es Salaam mamilioni ya shilingi za Tanzania. Programu iweke bei kwa hatua, dawa zake peke yake, kuvuna peke yake, maabara peke yake, na kulipia kwa simu kuwe rahisi kama tulivyozoea tangu M-Pesa ilipoingia Kenya mwaka 2007. Ila isiwe na kitufe cha mkopo. Ninajua wapo watakaokuja na wazo hilo, na watalipamba. Mtu aliyengoja mtoto miaka 9 atasaini chochote. Kumsogezea mkopo wa kausha damu wakati huo, ndani ya programu ileile inayomkumbusha dawa, ni kumvizia.

Mtaniambia basi umebakisha nini, bwana? Nimebakisha saa iliyoandikwa vizuri, siri iliyolindwa, sauti ya hatari, ukurasa wa hapana, na kitufe cha kupiga simu. Hayo vijana wenye akili wanaweza kuyajenga kwa miezi michache, na kwa simu ya bei nafuu yenye bando la siku.

Kitufe ndicho kitakachogharimu. Mwanamke atakayekibonyeza saa 7 usiku, tumbo limejaa na pumzi haitoshi, anahitaji mtu wa kupokea, anayejua faili lake, anayeweza kumwambia njoo sasa hivi au tulia mpaka asubuhi. Mtu huyo ana mshahara, ana zamu, ana nauli ya usiku, na hayumo katika bajeti ya programu hata moja niliyoonyeshwa. Akikosekana, simu italia chumba kitupu, na afadhali kitufe kisiwekwe. Basi wenye kliniki mnaonisikiliza, mkija na michoro yenu mje na ratiba ya zamu za usiku pia, nami nitaisoma hiyo kwanza.